Kuchora Ndoto Bila Kuitafsiri: Mwongozo wa Fundi wa Mabango

Kazi yangu ya kila siku ni mabango. Bucha, kinyozi, saluni, kanisa jipya, kibanda cha omena. Ukipita Kondele, hapa Kisumu, ukaona kichwa cha ng'ombe kinakutazama kwa macho ya huruma, huenda ni mkono wangu. Picha za ndoto ni kazi ya jioni, na ya Jumapili baada ya ibada. Vijana wanaokuja kibandani kuniuliza namna ya kuzichora karibu wote wameshaanzia pabaya: wameanza na maana. Mmoja ameota anakimbizwa na nyoka, basi ameshachora nyoka mwenye uso wa jirani, moyo uliopasuka katikati, mnyororo na mshumaa. Hayo ni mahubiri, ndoto yenyewe imeshaondoka.

Ninachowaambia ni hiki: ndoto ichore kwa vitu vyake, na kila kitu kichore kwa umakini uleule ambao mwenye bucha angekudai kabla hajakulipa. Maana itajitafutia pa kukaa.

Kwanza uinase

Mwaka 1953 huko Chicago, watafiti wa usingizi Eugene Aserinsky na Nathaniel Kleitman walichapisha walichokiona kwa watu waliolala. Kuna vipindi ambapo macho hukimbia huku na huku chini ya kope, na ukimwamsha mtu wakati huo mara nyingi atakusimulia ndoto. Vipindi hivyo hurudi takriban kila dakika 90, na usiku unavyozidi kuisha ndivyo vinavyorefuka. Kwa mchoraji hii ni habari njema, kwa kuwa ndoto ndefu huja karibu na kuamka. Tegesha simu ilie nusu saa kabla ya wakati wako wa kawaida. Mimi sitegeshi, adhana na majogoo ya Manyatta yananitosha.

Ukishtuka usigeuke. Baki ulivyolala, neti ikiwa bado imeshuka, uivute ndoto kutoka mwisho kurudi nyuma, kwa kuwa kipande cha mwisho ndicho kilicho karibu. Ukigusa WhatsApp kwanza, jihesabie hasara. Andika kwa wakati uliopo: "niko sokoni", si "nilikuwa sokoni". Stima ikiwa imepotea, au mkono ukiwa mzito, nong'onea kinasa sauti cha simu. Lugha iwe ile iliyokujia. Daftari langu ni Dholuo na Kiswahili vimechanganyika, na sijali nani atalisoma.

Kisha, kabla ya chai, chora ramani. Hili wengi wanaliruka na ndilo lenye faida kubwa. Mlango ulikuwa upande gani? Wewe ulisimama wapi? Mwanga ulitoka wapi, na je, ulikuwa na kivuli? Kile kitu kilikuwa na ukubwa gani ukikilinganisha na mkono wako? Kisa utaweza kukisimulia hata wiki ijayo. Mwanga na vipimo havingoji hata saa nne.

Ukurasa wa safu mbili

Gawa ukurasa kwa mstari wa wima. Kushoto andika vitu vya ndoto, vitu vitupu, bila sifa wala hisia. Kulia, mbele ya kila kitu, andika lolote linalokujia kichwani, hata la aibu, hata lisilohusiana.

Safu ya kulia tumeirithi kwa Sigmund Freud, daktari wa nafsi wa Vienna. Kitabu chake kuhusu kufasiri ndoto kilitoka Novemba 1899, ingawa mchapishaji alikiandika mwaka 1900. Alisema kwamba tunachokumbuka asubuhi ni sura ya nje tu. Nyuma yake kuna mawazo ambayo nafsi imeyapitisha kwa kificho. Akaonyesha namna yanavyopitishwa. Nafsi huokota masalia ya jana, vitu vidogo ambavyo hata hukuvitilia maanani. Hukunja mambo mawili au matatu kuwa kitu kimoja. Halafu huhamisha uzito, lile zito likae pembeni na kitu cha kijinga kishike katikati. Unaweza kumkatalia Freud mengi, na wengi wamemkatalia, lakini kama maelezo ya jinsi ndoto inavyotengeneza picha, sijaona fundi aliyeeleza vizuri zaidi.

Nikupe mfano wangu. Niko buchani. Kwenye ndoana, pale paja la ng'ombe linaponing'inia, kuna sweta la shule la rangi ya damu ya mzee. Limelowa, linadondosha maji kwenye vigae. Mkono wake wa kushoto una mhuri wa zambarau, ule wa mkaguzi wa nyama. Mwenye bucha ananiuliza, "Kilo ngapi, mama?"

Safu yangu ya kulia ilisema hivi. Bucha: nilikuwa nimemaliza bango la bucha wiki hiyohiyo. Sweta: binti yangu alinyeshewa akitoka shule, akalitupa mlangoni. Mhuri: risiti ya karo, ambayo shule haiitambui bila mhuri. "Kilo ngapi": hakuna kilichokuja, nikaacha nafasi wazi.

Sasa kunja ukurasa katikati, safu ya kulia iende nyuma. Hiyo hutaichora. Ningechora risiti, mvua na mtoto analia, ningekuwa nimetengeneza bango la kulalamikia karo. Sweta lenye mhuri limeshayabeba yote hayo kwenye ndoana moja, na halihitaji msemaji.

Wasurealisti, wale wasanii na waandishi wa Ulaya waliozifanya ndoto kuwa kazi yao, walikwaruzana na Freud hapahapa. André Breton, kiongozi wao, alisomea udaktari, na mwaka 1916 alihudumu katika kituo cha wagonjwa wa akili cha jeshi huko Saint-Dizier, Ufaransa, akiwasikiliza askari ambao vita vilikuwa vimewavuruga. Huko ndiko alikojaribu mbinu za Freud kwa mara ya kwanza. Mwaka 1924 alitoa ilani ya usurealisti, akitaka fikra ziachwe zitoke bila akili kuzisimamia. Lakini mwaka 1937 alipomwomba Freud achangie kitabu cha ndoto alichokuwa akikusanya, mzee alikataa. Alimjibu kwamba ndoto zilizokusanywa tu, bila yale yanayomjia mwotaji kichwani na bila kujua hali zake, hazimwambii kitu. Kwa daktari hiyo ni kweli tupu. Mgonjwa anatibiwa kwa safu ya kulia. Ukuta wa sebule ya mtu unapambwa kwa ya kushoto.

Kuna jambo moja la kwetu ambalo halimo kwenye ilani yoyote ya Paris. Miongoni mwa Waluo, marehemu akimjia mtu ndotoni, huenda anataka mtoto aliyezaliwa apewe jina lake, na nyumba nzima hukaa ikalizungumza. Ndoto ya namna hiyo si mali yako peke yako. Waulize wakubwa kabla hujaishikia brashi, na wakikataa, weka daftari chini. Ukichora uso wa marehemu ukautundika dukani wenye bei, utaitwa kwenye kikao, na mimi nitakaa upande wao.

Usiku ukiwa mkavu

Wapo wasiokumbuka ndoto kabisa, na wapo wenye watoto wachanga, ambao hawalali. Njia zipo.

Salvador Dalí, mchoraji Mhispania wa kundi hilo la wasurealisti, alieleza ya kwake kwenye kitabu cha mwaka 1948 kuhusu ufundi wa uchoraji. Unakaa kwenye kiti chenye mikono, unashika ufunguo mzito kwa ncha za vidole, na chini yake sakafuni umeweka sahani kifudifudi. Usingizi ukikuchukua, vidole vinalegea, ufunguo unaanguka, mlio unakuamsha. Ile picha iliyokuwa mbele ya macho wakati huo ndiyo unayoishika. Mimi natumia kijiko na sahani ya bati, baada ya chakula cha mchana, joto la Kisumu likiwa limefanya nusu ya kazi.

Ya pili ni ya Max Ernst, msurealisti mwingine. Kwa maelezo yake mwenyewe, Agosti 1925 alikuwa kwenye hoteli ya Pornic, pwani ya Ufaransa, mvua inanyesha, akakodolea macho mbao za sakafu zilizochakaa kwa kusuguliwa. Akaweka karatasi juu yake, akasugua kwa risasi ya penseli, na kwenye mistari ya mbao akaanza kuona misitu, ndege, wanyama. Nenda Dunga, ufukweni kwa wavuvi, na karatasi laini na kreyoni nyeusi. Omba ruhusa kwa mwenye mashua, kisha sugua juu ya mbao za ubavuni ambapo rangi imebanduka. Sugua mabati yaliyopigwa kutu, mkeka, kiti cha kamba, shina la mwembe. Usitafute kitu wakati unasugua. Peleka karatasi nyumbani, igeuzegeuze, na ukiona kitu kiandike kwenye safu ya kushoto kama vile umekiota.

Vunja sheria moja

Hapa ndipo kazi ilipo, na ndipo ninapokaa muda mrefu na wanafunzi.

Mwalimu wangu hapa ni René Magritte, mchoraji msurealisti, Mbelgiji. Huyu alikuwa mtu wa jua kali kama sisi: alichora michoro ya karatasi za kupambia kuta na mabango ya matangazo ili apate riziki. Hakupenda kabisa watu wazichambue picha zake kwa saikolojia. Mkono wake ulibaki mkono wa fundi wa mabango, wazi, mkavu, bila madoido, na nguvu yake yote imetoka hapo.

Tazama picha yake ya mwaka 1938, ile ya gari moshi linalotoka ndani ya meko ya sebuleni. Chumba ni cha kawaida. Juu ya meko kuna saa na vinara viwili, nyuma yao kioo. Gari moshi limepunguzwa likatosha kwenye tundu la meko, linaning'inia hewani, na moshi wake unapanda kuelekea kwenye bomba la meko. Moshi umefuata njia ambayo moshi wowote wa meko ungefuata. Amevunja sheria moja, kwamba reli haipiti ukutani, kisha akatii nyingine karibu zote: kivuli, moshi, mistari ya sakafu. Angeongeza samaki mwenye mbawa na jicho linalolia, picha ingekufa.

Chagua basi sheria yako ya kuvunja. Inaweza kuwa ya ukubwa: mwaka 1952 Magritte alichora chumba cha kulala ambamo kitana kimekua kikasimama kitandani kikilingana na ukuta. Inaweza kuwa ya maada: saa za Dalí za mwaka 1931 ni ngumu kwa kazi yake, lakini zimelegea zikaning'inia. Inaweza kuwa ya wakati: kuanzia 1949 Magritte alirudia mara kadhaa picha ya mtaa ulio usiku, taa ya barabarani inawaka, na juu yake anga ya mchana mweupe. Hiyo jaribu na kichochoro cha Nyalenda, utashangaa. Au mahali, kama gari moshi lenyewe. Sweta langu ni la mahali: kila kitu buchani kiko sawa, ila kilichotundikwa si nyama.

Saa zilizolegea ziachie mwenyewe. Vivyo hivyo macho yenye mbawa, ngazi ya kwenda mawinguni na mwanamke mwenye mti kichwani. Ukivitoa hivyo mikononi mwa kijana analalamika hana cha kuchora, ndipo namrudisha kwenye daftari lake, ambako karai la samaki limekuwa likimngoja tangu Jumatatu.

Kitu chenyewe lazima ukisome ana kwa ana. Nilitia sweta majini, nikalitundika kwenye msumari wa mlango wa kibanda, nikakaa mbele yake. Maji hayakai sawa: hushuka, mabega yanakauka kwanza na kurudia rangi yao, huku pindo na mikono ikibaki mizito, myeusi. Ule ufumaji wa mistari kwenye pindo unavutwa na uzito, nafasi zinapanuka, na tone hukusanyika kwenye kona ya chini, linakua, linang'ang'ania, ndipo linaachia. Sehemu iliyolowa usiitie rangi nyeusi ya kopo, itakuwa masizi. Changanya kahawia iliyoiva na bluu, uiingize kwenye nyekundu kidogo kidogo. Mhuri upige kwa brashi nyembamba, na pale nguo inapopinda herufi zikatike. Tena, zisisomeke. Kwenye ndoto maandishi hayatulii, na kwa fundi wa mabango kuandika kitu kisichosomeka ni adhabu, lakini vumilia.

Umuhimu wa ufundi huu Freud mwenyewe aliuona. Alipokuwa amekimbilia London kutoka Vienna ya Wanazi, mwandishi Stefan Zweig alimpelekea Dalí nyumbani, tarehe 19 Julai 1938, pamoja na picha yake ya Narcissus, yule kijana wa hadithi za Kigiriki aliyependa sura yake mwenyewe. Kesho yake Freud alimwandikia Zweig kwamba mpaka siku hiyo aliwahesabu wasurealisti kuwa wapumbavu kamili, lakini yule kijana Mhispania, kwa macho yake ya ushupavu na umahiri wake usiopingika, amemfanya afikirie upya. Mzee wa ndoto alisogezwa na mkono unaojua kazi.

Mbao, kitambaa, rangi

Anza na picha ndogo. Ile picha ya Dalí ya saa zilizolegea, ambayo dunia nzima inaijua, ina sentimita 24 kwa 33, imezidi karatasi ya A4 kidogo tu. Mwambie seremala akukatie hadibodi ya kipimo hicho, utumie upande laini. Paka emalshani nyeupe uliyoichanganya na gundi ya mbao kidogo, tabaka la kwanza kwa urefu na la pili kwa upana, piga msasa laini katikati. Ukitaka kitambaa, Amerikani ya dukani inatosha. Ikaze kwenye fremu, paka vilevile. Rangi ya glosi ya mabango iache kwenye mabango: inang'aa mno, haikubali kuyeyushana, na nyeupe yake hugeuka manjano. Nunua akriliki, kopo kubwa la nyeupe na ndogo za bluu, njano, nyekundu na kahawia. Kwa joto letu zinakauka ukizitazama, hivyo weka kitambaa chenye maji chini ya karatasi ya kuchanganyia.

Mchoro uhamishe kwa njia ya mafundi. Uchore kwanza kwenye karatasi, toboa mistari kwa sindano, weka karatasi juu ya mbao, kisha pigapiga juu yake kwa kifurushi cha kitambaa chenye unga wa makaa. Ukiinua karatasi, mchoro umebaki kwa nukta. Faida yake ni kwamba unaweza kusogeza sweta sentimita mbili kabla hujajifunga.

Mwanga na mahali

Chanzo cha mwanga kiwe kimoja. Sisi tuko karibu kabisa na mstari wa ikweta, na saa sita mchana kivuli hujificha chini ya miguu. Usichore ndoto kwa mwanga huo. Ngoja saa kumi na moja jioni, jua likishuka upande wa ziwa, nguzo za stima zikianza kulaza vivuli vyake barabarani. Giorgio de Chirico, mchoraji Mwitaliano ambaye wasurealisti walimtazama kabla hawajawa na jina, alijenga viwanja vyake vitupu kwa vivuli virefu vya namna hiyo.

Mandhari ya nyuma yawe ya kwenu. Majabali ya Dalí ni ya pwani ya Catalonia aliyokulia, hakuyaokota usingizini. Sisi tunayo Kit Mikayi, kwenye barabara ya kwenda Bondo, mawe yaliyobebana mpaka shingo inauma kuyatazama. Kuna watu wanaosali pale, kwa hiyo lipa kiingilio, salimia, na usichore waumini. Au chukua ghuba ya Winam siku gugu maji limefunika maji yote, ukadhani unaweza kutembea mpaka ng'ambo. Mahali penyewe pamekaa kindoto tayari, na hapo tahadhari: usiweke kitu cha ajabu mbele ya mandhari ya ajabu, vitanyang'anyana. Sweta lilihitaji bucha yenye vigae vyeupe na mizani, basi.

Jina la picha lisieleze. Nyuma ya mbao andika mwezi, mwaka, na vile vitu vya safu ya kushoto. Mteja akiuliza maana, muulize yeye anaona nini, umwache aongee. Mara nyingi atajitajia safu yake ya kulia bila kujua, na hiyo ndiyo atakayopeleka nyumbani. Yako usimpe.

Kuhusu kukausha: ukifanya kazi usiku karibu na ziwa, zima taa ya dirishani kabla ya kupaka vanishi. Wale wadudu wadogo wa ziwa hufuata mwanga kwa makundi, na vanishi mbichi wanaipenda. Wakishatua usiwachomoe, mwili utatoka na miguu itabaki. Acha ikauke kabisa, asubuhi wafagie kwa brashi kavu, piga msasa mwepesi pale palipokwaruzika, upake tena mchana.